Sauti Isiyovuta Pumzi

Mashine ya koo ilikataa kwa mara ya tatu asubuhi ya Alhamisi, na kama ilivyofanya mara mbili za kwanza, ilikataa kwa adabu. Maandishi mafupi yalijitokeza chini ya kioo: Sauti imepokelewa. Pumzi haikupatikana.

Twilumba Ngailo alivua miwani, akaifuta kwa pindo la kitenge chake, akaivaa tena. Maandishi yalikuwa palepale.

"Haiwezekani," aliiambia mashine, kama mtu amwambiavyo mtoto aliyerudi kutoka dukani mikono mitupu. "Mwanamke ameimba dakika tatu na nusu. Kama hakupumua humo, alipumua wapi?"

Katika Nyumba ya Sauti ya Njombe, ambako Twilumba alikuwa mnoaji kwa mwaka wa kumi na nane, kujenga koo kulikuwa hatua ya mwisho, nayo ni nyepesi kuliko zote. Kazi ngumu ilikuwa kunoa: kuichukua sauti iliyofifia ya marehemu, kuifanya picha, na kuisafisha picha hiyo mpaka kila noti ionekane kama uzi. Baada ya hapo mashine ya koo ilizipima nyuzi, ikakisia upana wa kifua na urefu wa shingo, ikajenga sauti iwezayo kuimba hata nyimbo ambazo mwenyewe hakuwahi kuzisikia. Ili ianze, ilihitaji kitu kimoja tu kutoka kwa marehemu, nacho ni pumzi moja iliyovutwa kati ya mstari na mstari.

Ubatizo ulikuwa Jumapili, yaani mtondo. Atukuzwe Mlowe, aliyepata mtoto wake wa kwanza akiwa na umri wa miaka thelathini na minane, alikuwa amekwisha kukishonea kiti cha mama yake kitambaa cha buluu. Sheria ya wakati huo ilimruhusu marehemu mwenye cheti cha sauti kupewa kiti katika kwaya ya kanisa lake: kiti cha kawaida cha mbao, chenye kipaza sauti chini ya kikalio, kikiwa kimewekwa katikati ya walio hai. Cheti cha Eunike, mama yake Atukuzwe, kilikuwa kimetolewa tangu mwezi uliopita. Muhuri uliokuwa juu yake ulikuwa wa Twilumba.

Kazi yote ilitegemea kaseti moja. Simu za ujana wa Eunike zilikuwa na tabia ya kuzinyoosha sauti zenyewe, bila kuombwa, hata wanawake wote wa wilaya wakasikika kama dada wa tumbo moja. Sauti za namna hiyo hazikubaliwi na sheria, kwa kuwa hakuna ajuaye tena ni ya nani. Lakini mume wa Eunike, Mwalimu Yeftha Mlowe, alikuwa mwalimu wa kwaya wa aina ya zamani. Alizichukia simu zinazoimba kwa niaba ya watu, na mazoezi yake aliyarekodi kwa kinasa cha kaseti cha babu yake. Kanda zote ziliharibiwa na unyevu isipokuwa moja. Juu yake, kwa mwandiko ulionyooka kama mstari wa rula, paliandikwa: Mazoezi. Sauti ya 1, 2 na 3.

Sauti ya pili ilikuwa ya Eunike. Alifariki kwa homa ya mapafu Atukuzwe akiwa na miezi mitano.

Twilumba aliivuta picha ya kaseti hiyo kwenye kioo kikubwa. Muda ulikwenda kushoto kwenda kulia, noti zilipanda kutoka chini kwenda juu, na sauti ziling'aa kama makaa. Ilipokuja mara ya kwanza, picha hii ilikuwa ukungu mtupu. Huo ndio ugumu wa kazi ambao kila mwanafunzi hufundishwa siku ya kwanza: ukiisikiliza sauti kwa dirisha fupi, utajua imeimbwa lini lakini hutaijua noti yake, ukiisikiliza kwa dirisha refu, utaijua noti lakini hutajua imeanza lini. Ama ukungu wa kusimama, ama ukungu wa kulala. Wanoaji waliukwepa ugumu huo kwa njia nyingine. Waliizidisha sauti kwa taswira yake yenyewe, kana kwamba wameisimamisha mbele ya kioo katika kila nukta ya wakati, na nyuzi zikatoka nyembamba ajabu. Kisha kila doa la nuru lililotawanyika lilirudishwa kwenye kitovu chake cha uzito, na picha ikawa kali kama ukingo wa wembe.

Njia hiyo ilikuwa na kasoro moja. Palipokuwa na sauti mbili za kweli, ilizaa ya tatu katikati yao. Wanoaji waliiita kivuli cha kati, na waliifuta kwa kile walichokiita kitambaa: hesabu ya kulainisha, iliyopitishwa juu ya picha kama mtu apangusavyo meza. Kitambaa kizito huondoa vivuli, lakini huondoa na makali. Kitambaa chepesi huacha makali, na huacha na vivuli.

Twilumba alisogea nyuma kutoka kwenye kioo. Alikumbuka alichokifanya. Kaseti ilikuwa mbovu mno, na Atukuzwe, mwenye mimba ya miezi tisa, alikuwa ameketi kwenye stuli pale mlangoni akiuliza kila baada ya dakika mbili, "Bado, dada?" Twilumba alikipunguza kitambaa. Akakipunguza tena. Hatimaye kati ya uzi wa juu na uzi wa chini ukajitokeza uzi wa tatu, laini, mnyoofu, mahali hasa pa sauti ya pili. Alipoupigisha peke yake, ulisikika bila maneno, kama mtu aimbaye akiwa amefumba mdomo.

Atukuzwe ndiye aliyeueleza ufumbaji huo wa mdomo. Alisimama polepole, mkono mmoja kiunoni, machozi yakimtiririka, akasema, "Alikuwa amenibeba mgongoni. Nilikuwa nimelala. Hakutaka kuniamsha."

Ni nani angekuwa na moyo wa kuuliza zaidi? Twilumba mwenyewe alilia. Kisha akagonga muhuri, akampa Atukuzwe nakala ya uzi ule aende nayo nyumbani.

Sasa aliutafuta ukweli kwa mikono yake miwili. Katika mstari wa pili wa wimbo, sauti ya kwanza ilinyamaza ili kuvuta pumzi. Katika nukta hiyohiyo uzi wa kati ulikatika. Katika mstari wa tatu aliyenyamaza ni yule wa sauti ya tatu. Uzi wa kati ukakatika tena. Dakika tatu na nusu zote, sauti ya pili haikuwahi kusimama hata mara moja bila wenzake wawili, wala haikuwahi kupumua kwa wakati wake yenyewe.

Alijaribu jambo moja zaidi, kwa kuwa aliwahi kuimba kwaya na alijua pa kutazama. Wale wawili walipoimba do na so, mitetemo mia mbili sitini na miwili kwa sekunde chini na mia tatu tisini na miwili juu, uzi wa kati ulikaa kwenye mia tatu ishirini na saba. Hapo ndipo mahali pa noti ya mi, safi kuliko aimbavyo binadamu yeyote. Lakini walipoimba do na fa, nusu ya njia kati yao haina noti. Hakuna mwalimu aliyewahi kuifundisha. Uzi ulikwenda ukakaa papo hapo, pasipo na kitu, bila kusita.

Chini ya kioo mashine iliongeza maandishi mengine, kwa adabu ileile: Je, itumike pumzi ya kuazima? Jamaa wa damu anafaa.

Twilumba aliyatazama maandishi hayo kwa muda mrefu. Pumzi ya Atukuzwe ilikuwa kwenye hifadhi tayari. Walikuwa wameichukua siku ya usajili. Kidole kimoja tu kingetosha. Jumapili kiti kingeimba, mtoto angebatizwa, na hakuna sikio katika Njombe nzima ambalo lingejua.

Aliizima mashine, akachukua sweta lake, akatoka.

*

Mzee Yeftha alikuwa nyuma ya nyumba yake huko Kifanya, akipanga mbegu za viazi kwenye trei. Kila kiazi alikigeuza mpaka macho ya kuchipulia yatazame juu, kisha akakisogeza ili kiwe sawasawa na mwenzake. Ukungu wa asubuhi ulikuwa haujainuka kwenye miti ya miwati.

"Kamwene, Mwalimu. Shikamoo."

"Marahaba, mama. Umetembea kwa miguu kutoka kituo cha gari la waya? Ninakusikia unapumua vibaya. Unapumulia mabegani. Kila siku nawaambia, pumzi ni ya tumboni."

"Nimezeeka, Mwalimu."

"Hujazeeka, umezembea. Keti." Alimsogezea kigoda kwa mguu. "Umekuja kunipima masikio? Yangali mazima. Jana nimemfukuza jogoo wa jirani. Anawika robo noti juu."

Kwa kawaida Twilumba angecheka. Aliketi, akaiweka mikono yake magotini, akasema kama alivyojiandaa njiani, bila kupamba. Alimweleza kitambaa alichokipunguza. Alimweleza uzi uliokatika kila mmoja wa wale wawili alipopumua. "Kosa ni langu, Mwalimu. Nilitaka kumpa Atukuzwe mama yake, nikaona nilichotaka kukiona. Sauti ile si ya Mama Eunike. Wala si ya mtu yeyote."

Mzee Yeftha alikuwa ameshika kiazi. Alikigeuza, akakirudisha, akakigeuza tena.

"Najua," alisema.

Upepo ulipita kwenye miwati. Twilumba alidhani hakusikia vizuri, lakini mzee hakurudia.

"Unajua tangu lini?"

"Tangu uliponipigishia. Nilipotia sahihi yangu ya shahidi wa sikio kwenye cheti, nilikuwa najua." Aliketi juu ya ukingo wa trei, jambo ambalo mtu wa taratibu zake hakulifanya kamwe. "Mi ilikuwa sawa, mama. Mwanamke yule hakuwahi kuimba mi iliyo sawa siku moja katika maisha yake. Aliiangusha. Si sana, kama mtu akanyagaye ngazi ya mwisho akidhani bado ipo nyingine. Nilimsahihisha miaka sita. Nilimsahihisha mbele ya watu. Aliniambia, 'Mume wangu, mimi naisikia imekaa hapo, na hapo pananipendeza.' Pananipendeza! Nilimwambia muziki hauendi kwa kupendezwa."

"Kwa nini basi ulitia sahihi?"

Aliangalia mlango wa jikoni, kana kwamba kuna mtu ndani.

"Umeusoma mwandiko juu ya kaseti?"

"Sauti ya kwanza, ya pili na ya tatu."

"Niliuandika kabla ya kuanza. Mimi huandika kabla. Sauti ya tatu nilikuwa mimi, ya kwanza alikuwa Mama Semeni. Eunike alikuja, na mtoto mgongoni, kama asemavyo Atukuzwe. Tuliimba mstari mmoja kabla sijabonyeza kinasa. Akaiangusha mi. Nikamwambia," na hapa sauti ya mzee, iliyokuwa imara kama nguzo, ililegea, "nikamwambia, 'Nenda nyumbani. Utarudi utakapokuwa umeijua.' Akaenda. Hakuudhika, hakununa. Alinicheka kidogo, akaenda. Nikabonyeza kinasa. Baada ya wiki tatu tukamzika."

Mzee alikishusha kiazi alichokuwa amekishika.

"Mwanangu alipolia pale kwako na kusema kwamba mama yake alifumba mdomo ili asimwamshe, ulitaka nimwambie nini? Kwamba mama yake hayumo humo kwa sababu baba yake alimfukuza? Nilitia sahihi, mama. Ningetia hata kumi. Na wewe sasa nenda zako ukafumbe mdomo. Amempata mama. Mwache akae naye."

"Mashine inataka pumzi."

"Ipe."

"Ya Atukuzwe mwenyewe?"

"Ipe ya ng'ombe!" Alisimama kwa hasira, kisha hasira ikamwisha hapohapo, akaketi tena. "Nisamehe. Usijibu kama mwanafunzi. Niambie kama mtu mzima mwenzangu: itamdhuru nani?"

Hilo ndilo swali ambalo Twilumba alikuwa amelibeba kwenye gari la waya njia nzima, na alikuwa hana jibu lake. Aliogopa kuupoteza muhuri, ni kweli, lakini hofu hiyo aliijua na aliweza kuiweka kando. Kilichomsumbua kilikuwa kingine, na alikitamka polepole ili akisikie mwenyewe.

"Mwalimu, sauti ile ni nusu ya njia kati yako na Mama Semeni. Nusu yake ni wewe. Kila usiku tangu mwezi uliopita Atukuzwe anamlaza mtoto kwa sauti yako iliyokatwa vipande viwili, na anaiita mama."

Mzee aliinamisha kichwa.

"Jumapili ikikaa kwenye kiti, itaimba mi safi mbele ya kanisa zima. Mwaka ujao itaimba. Mtoto huyu atakua akijua kwamba bibi yake aliimba hivyo, na wanawe pia watajua hivyo. Na ile nyingine, ile ya ngazi ya mwisho, iko wapi sasa? Simu ziliinyoosha. Kaseti hii haikuishika. Mama Semeni amekwisha kufariki. Dunia nzima, Mwalimu, imebaki mahali pamoja tu." Alimgusa mzee juu ya sikio, jambo ambalo hakuwahi kuthubutu kumfanyia. "Wewe ukiondoka, inaondoka."

Mzee Yeftha aliinuka kutoka kwenye ukingo wa trei. Kisha alianza kukirudisha kila kiazi alichokisukuma alipokaa, kimoja baada ya kingine, macho yakitazama juu.

"Nitamwambia mimi," alisema hatimaye. "Si wewe. Kosa lako ni la mashine. Langu ni la mdomo."

*

Atukuzwe alifika kwenye Nyumba ya Sauti siku ya Ijumaa alasiri, mtoto mgongoni na kapu la parachichi mkononi. Alianza kusema kabla hajauvuka mlango.

"Dada Twilumba, haya ni yako, usimpe mtu mwingine, yataiva Jumanne. Shikamoo, Baba! Na wewe umeitwa? Mnanifanyia jambo, ninyi wawili. Nimewaambia wenzangu wa kwaya, kitambaa kimepungua kidogo nyuma ya kiti, kwa hiyo kama mama ana makalio makubwa mtanisamehe." Alicheka mwenyewe. Kisha akaona kwamba hakuna aliyecheka naye. "Kuna nini? Mashine imeharibika?"

"Keti, mama," baba yake alisema.

"Sitaki kuketi. Nikiketi ataamka."

"Basi simama. Na mimi nitasimama."

Alisimama kweli, mikono nyuma, kama alivyosimama mbele ya kwaya kwa miaka arobaini, akamwambia. Hakuruka kitu. Alisema, "Nilimfukuza," hakutafuta neno la kulainisha. Twilumba aliongeza sehemu yake ilipofika zamu yake: kitambaa, uzi wa kati, muhuri. Alikichukua cheti, akakiweka mezani, akakipiga chapa ya batili mbele yao, kisha akauvua muhuri wake kwenye mnyororo wa shingoni na kuuweka juu yake. Mtu wa kuupokea angekuja Jumatatu.

Atukuzwe hakulia. Alikuwa akijitikisa taratibu, kushoto na kulia, kwa ajili ya yule aliyelala mgongoni, na hakuacha kujitikisa.

"Kwa hiyo hakufumba mdomo," alisema.

"Hakufumba," alisema baba yake. "Hakuwamo."

"Niliwaambia watu wote. Nilimwambia huyu." Alielekeza kichwa nyuma. "Kila nikimlaza namwambia, sikiliza, bibi alikuwa ananibeba kama ninavyokubeba wewe."

"Hilo ni kweli," alisema mzee kwa haraka. "Alikubeba. Alikuja amekubeba, na aliondoka amekubeba."

"Aliondoka akilia?"

"Alinicheka."

"Alikucheka wewe?" Kwa mara ya kwanza Atukuzwe alimtazama usoni. "Baba, hakuna mtu akuchekaye wewe."

"Yeye alikuwa akinicheka kila siku."

Atukuzwe alivuta stuli ileile ya mlangoni, akaketi ukingoni ili mgongo usiguse ukuta. Alikaa hivyo. Twilumba alitamani kumwendea, lakini hakujiona ana haki.

"Nimekukasirikia, Baba," alisema mwishowe, kwa sauti ya chini. "Nataka ujue. Nimekukasirikia sana, na sijui itaisha lini. Na wewe, dada, sijui nikuambie nini."

"Usiniambie kitu," alisema Twilumba.

"Nyamaza basi." Alijipangusa uso kwa kiganja. "Alikuwa akiishusha kiasi gani?"

Mzee Yeftha hakuelewa. "Nini?"

"Hiyo mi. Umesema aliishusha. Kiasi gani?"

"Kidogo."

"Kidogo ni kiasi gani? Umeniimbisha ngazi tangu nina miaka minne, hukuwahi kuniambia kidogo. Ulikuwa ukisema robo, ukisema nusu ya robo. Niimbie."

Mzee alifungua mdomo, akaimba. Mi ilitoka safi. Alitikisa kichwa, akajaribu tena, na tena ikatoka safi. Miaka themanini ya nidhamu ilikuwa imelishika koo lake, haikumruhusu. Alijaribu mara ya tatu, akashika koo kwa mkono, uso umemwiva.

"Siwezi," alisema. "Naisikia hapa, imekaa wazi kabisa, lakini koo linaninyoosha. Nimekuwa kama zile simu."

Twilumba aliinuka. Aliwasha chombo kidogo cha kupimia, kile kitoacho mlio mmoja mtupu, usio na koo wala mtu ndani yake. Akauweka mlio kwenye mia tatu ishirini na saba, akauchukua mkono wa mzee na kuuweka juu ya kitufe cha mduara.

"Shusha mwenyewe, Mwalimu. Taratibu."

Mlio ulijaza chumba. Mzee alifumba macho, akazungusha. Mia tatu ishirini na tano. Alisita, akasikiliza upande mmoja kama mtu aliyeitwa kwa mbali. Ishirini na mbili. Ishirini. Alipita, akarudi, akapita tena kwa uchache usioonekana. Mia tatu kumi na nane na nusu. Mkono wake ulisimama.

"Hapo," alisema, na machozi yakamtoka chini ya kope zilizofumbwa. "Hapo ndipo palipokuwa panampendeza."

Twilumba aliandika namba hiyo kwenye karatasi kwa kalamu, kwa kuwa hakuwa tena na muhuri wa kuithibitishia kitu chochote.

Atukuzwe alikuwa ameinuka. Alisogea karibu na mlio, akausikiliza, akaanza kuimba juu yake. Sauti yake ilikwenda ilikofundishwa kwenda. Ikakaa juu, sahihi, na kati yake na ule mlio hewa ikatetemeka kwa ukali. Mtoto alijisogeza mgongoni. Atukuzwe alinyamaza, akamtazama baba yake kwa hofu ya zamani, hofu ya msichana mdogo aliyekosea mbele ya kwaya.

Mzee Yeftha aliinua mkono wake kama alivyouinua maelfu ya mara, kiganja kikitazama juu, tayari kuwainua watu. Kisha akaugeuza, kiganja kikatazama chini.

"Teremka, mwanangu," alisema. "Teremka kidogo. Usiogope, nipo hapa, sitakuambia kitu."

Atukuzwe alivuta pumzi, akateremka.